Filme ya Michael Moore: swali zuri, jibu linapungua



Kila mara watoto wanauawa kwa masasi ndani ya shule fulani ya Marekani, kuna mmoja wetu anarudisha mazungumzo kwa ile filme ya Michael Moore, Bowling for Columbine, ya mwaka 2002. Anasema: « Muangalie hii, mutaelewa yote. » Nimeiangalia tena. Ni filme ya nguvu, inachekesha na kuumiza, na Oscar ya dokumentari iliyopata 2003 haikuiba. Lakini kuelewa yote, hapana. Inauliza swali la kweli, kisha inapita pembeni ya jibu ambalo yenyewe imetuonyesha.

Tukumbushane kidogo. Tarehe 20 Aprili 1999, vijana wawili waliingia na bunduki ndani ya shule ya Columbine, jimbo la Colorado. Waliua wanafunzi 12 na mwalimu 1, kisha wakajiua. Kutoka hapo Moore anazunguka na kamera. Anafungua konti kwenye banki moja ya Michigan, na banki inamupa bunduki kama zawadi. Anavuka kwenda Kanada. Anamalizia nyumbani kwa Charlton Heston, mcheza sinema aliyekuwa prezida wa NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki. Swali lake ni moja: juu ya nini Wamarekani wanauana kwa bunduki kuliko nchi zingine tajiri?

Jibu lake ni woga. Televizyo inatisha watu kila magaribi, weupe wanaogopa weusi, kila mutu anataka silaha mulangoni. Kanada njo ushahidi wake: kule pia bunduki ziko nyingi, lakini watu hawafungi milango na hawauani vile. Basi shida iko ndani ya roho ya Wamarekani.

Hapa njo nakataa. Bunduki zote si sawa. Kule Kanada nyingi ni za kuwinda, na bastola inapaswa kuandikishwa kwa serikali tangu mwaka 1934. Kule Marekani, bastola njo inatumiwa zaidi katika mauaji. Moore anazihesabu zote kama viazi vya mufuko mmoja, kisha anashangaa kuona hesabu haiendi.

Tena kuna jambo ambalo filme inalipita haraka sana: wale vijana wawili walipata silaha namna gani? Walikuwa nazo 4. Tatu zilinunuliwa na rafiki yao wa miaka 18 kwenye soko la maonyesho ya bunduki, kwa wauzaji binafsi, pasipo mtu kuchunguza chochote. Sheria ya Brady ya mwaka 1993 inalazimisha muuzaji mwenye leseni kuchunguza mnunuzi, lakini muuzaji binafsi haimugusi. Mlango ule ulikuwa wazi, wakapitia pale. Na mwezi wa 11 mwaka 2000, raia wa Colorado wenyewe walipiga kura kuufunga kwa masoko yale. Karibu 70 kwa 100 walikubali, katika jimbo lenye wawindaji wengi. Wale watu walikuwa na woga uleule, televizyo ileile. Hawakungoja roho ya taifa ibadilike, walibadilisha sheria ya soko.

Sehemu nzuri zaidi ya filme inasema vilevile. Vijana wawili waliopigwa pale Columbine, wangali na masasi ndani ya mwili, wanaenda na Moore kwenye makao makuu ya Kmart, magazini kubwa iliyouza masasi yale. Wanangojeshwa, wanarudi tena na waandishi wa habari. Mwishoni kampuni inatangaza kwamba itaacha kuuza masasi ya bastola ndani ya siku 90. Moore mwenyewe anashangaa. Katika filme nzima, hapo njo kitu kinabadilika mbele ya macho yetu. Na kilichobadilika si woga wa mtu, ni kile kinachouzwa kwenye meza ya magazini. Juu ya nini basi anamaliza kwa kumfuata mzee Heston mpaka anaondoka kwenye kiti? Kufezehesha mtu kunapendeza watazamaji, lakini hakutuelezi kitu.

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Filme imetufundisha kuona bunduki ya Marekani kupitia mauaji ya shuleni. Mwaka 2021 watu 48.830 walikufa kwa bunduki kule. Kati yao 26.328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Waliouawa na wengine walikuwa 20.958, na wale wa mashambulio makubwa tunayoona kwenye televizyo ni sehemu ndogo sana ya hesabu. Mtu aliyelemewa na huzuni usiku mmoja, bastola iko ndani ya kabati: hiyo njo sura ya kawaida ya kifo hiki, na haina kamera. Kwa mtu huyo, kufungia silaha na funguo, au kumwachia ndugu aitunze kwa muda, kunaweza kuokoa maisha. Hiyo haigombani hata na hukumu ya Mahakama Kuu ya 2008, iliyosema raia ana haki ya kuwa na bastola nyumbani kwa kujilinda.

Sisi Wakongomani tuwe wa kwanza kukataa maelezo ya « ndivyo walivyo ». Ni mara ngapi wageni wameandika kwamba vita vya Kivu viko ndani ya damu yetu, pasipo kuuliza silaha zinapita njia gani, nani anaziuza, nani anazilipa? Jibu la roho ya watu linafurahisha msemaji na kumwachia muuzaji usingizi mzuri. Na leo familia zetu nyingi zimepelekwa kuishi kule Marekani kama wakimbizi. Watoto wao wanasoma katika shule zile.

Kwa hiyo muiangalie filme, inastahili. Lakini ikiisha, musiulize tu Wamarekani wanaogopa nini. Muulize bunduki ilitoka kwa nani, ilipita mikononi mwa nani, na ilikuwa imefungiwa wapi.

Mwenye kuona tofauti aandike, tubishane kwa heshima.