Ngazi Mbili za James Cagney: Mwili wa Mchezaji Densi katika Usawiri wa Jambazi

Filamu za ujambazi zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1930 zimehakikiwa mno kwa jicho la maudhui: umaskini wa mijini, marufuku ya pombe, mporomoko wa uchumi, kisha adhabu. Usomaji huu una mashiko, ila haumwelezi James Cagney (1899–1986), ambaye kabla ya kushika bastola mbele ya kamera alikuwa mchezaji densi wa jukwaani mjini New York. Mwaka 1919 alianza katika kundi la wanaume waliocheza wakiwa wamevalia mavazi ya kike.

Katika The Public Enemy (1931) ya William Wellman, Tom Powers ni mwizi na mwuaji. Muswada haumwonei huruma, na studio iliongeza maelezo ya kuwatahadharisha watazamaji. Hata hivyo, jicho halimbanduki. Cagney, mfupi wa kimo, huuegemeza uzito kwenye ncha za nyayo, mabega yakitangulia, mithili ya mtu anayesubiri mpigo wa ngoma uingie. Maneno yanamshutumu, mwili unamsifu. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizotungwa mwaka 1930 na kutiliwa mkazo kuanzia 1934, ziliweza kuchuja mazungumzo na kuamuru hatima ya mhalifu. Kifungu cha kudhibiti jinsi mtu anavyovuka barabara hakikuwamo.

Mgawanyo wa fani na maudhui, uliozoeleka katika mihadhara ya fasihi ya Kiswahili, unakwama hapa. Katika The Roaring Twenties (1939) ya Raoul Walsh, Eddie Bartlett aliyepigwa risasi anakimbia kwenye theluji, anazipanda ngazi za kanisa, anapepesuka, anashuka, kisha anaanguka. Kila hatua imepimwa. Miaka mitatu baadaye, katika Yankee Doodle Dandy iliyompa Cagney tuzo ya Oscar, George M. Cohan anashuka ngazi za Ikulu ya Marekani na ghafla anaanza kucheza. Magoti ni yaleyale. Wanaozitenganisha filamu hizi, moja ya jambazi na nyingine ya muziki, wanaigawa kazi ambayo mwenyewe hakuigawa. Na ikiwa ni lazima kuchagua, densi iliyo bora ni ile ya kanisani.

Angels with Dirty Faces (1938) ya Michael Curtiz inalikabili tatizo hili waziwazi. Kasisi Jerry anamsihi Rocky Sullivan, rafiki yake wa utotoni, aende kwenye kiti cha umeme akilia kama mwoga, ili vijana wa mtaani wanaomtukuza waache kumwiga. Rocky anakataa, kisha, dakika ya mwisho, anapiga mayowe. Je, ni woga wa kweli ama ni uigizaji? Kamera inauficha uso. Inaonyesha vivuli ukutani na mikono inayong'ang'ania mabomba ya kupashia joto, na mikono hiyo inasadikisha kiasi kwamba swali halijibiki. Vijana wenyewe hawakuona lolote: wanayasoma gazetini, na kasisi anawathibitishia. Laiti wangaliuona mwendo wa Rocky kabla ya mayowe, wima, mabega yakitangulia, huenda wasingaliliamini gazeti.