Mota ya Chombo Kisicho na Nahodha

Mwaka 2016 mashua ya urefu wa mita 2.4, iliyoundwa nyumbani na mhandisi mmoja wa California, iliachiwa majini Half Moon Bay ikashika njia ya Hawaii peke yake. Jina lake SeaCharger. Ndani hamkuwa na mtu, na nyuma yake hapakuwa na meli ya kuisindikiza. Baada ya siku 41 iliwasili, ikiwa imekata zaidi ya kilomita 3,800 kwa nguvu za jua tu. Walioisikia habari hiyo walistaajabia umbali. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyotangulia, pale chombo kikiwa bado juu ya meza: mota ipi, propela ya kipenyo gani, kompyuta ipi, waya upite wapi. Kuchagua huko ni ufundi kamili, na ni ufundi ninaouheshimu sana.

Anayesafiri na jahazi hubeba mikono yake. Tanga likichanika hushonwa njiani, maji yakijaa ngamani hutekwa yakamwagwa, kamba ikikatika hufungwa upya. Chombo kinachojiendesha hakina mkono wa namna hiyo. Matengenezo yake yote hufanyika kabla ya safari, kichwani mwa fundi, naye hana budi kukitazama kila kifaa na kujiuliza kitakufa vipi.

Mwendo ndio unaopima ukweli wa fundi. Nguvu ya kusukuma chombo majini hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi: ukitaka kasi mara mbili, tayarisha nguvu mara nane. Kwa kuwa utafika kwa nusu ya muda, safari nzima itakula nishati mara nne. Tena gamba la chombo lenye urefu wa mita 2.4 likikaribia kilomita 7 kwa saa huanza kupanda wimbi lake lenyewe, na kuanzia hapo kila wati unayoongeza huzaa povu zaidi kuliko mwendo. SeaCharger ilikwenda kwa wastani wa kilomita 4 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Aliyekubali upole huo alishakwisha kufika Hawaii kabla hajanunua kitu.

Chukua hesabu ya kwetu, kwenye mstari wa ikweta. Paneli ya sola ya wati 100 iliyolazwa juu ya sitaha hupata jua la nguvu kwa kiasi cha saa tano kwa siku. Hizo ni wati-saa 500 kwenye karatasi. Toa joto, chumvi, mawingu, kinyesi cha ndege na upotevu wa kuchaji betri, ukadirie umebaki na 300. Zigawanye kwa saa 24: wati 12 na nusu, usiku na mchana. Hiyo ndiyo mali yote. Usukani, kompyuta, setilaiti na mota vyote vinakula humo humo, na anayeanza kuchagua mota bila kuwa na namba hiyo mkononi anachagua gizani.

Kwa wati chache hivyo, propela inayofaa ni kubwa na ya taratibu. Kusukuma maji mengi polepole kunapoteza nishati kidogo kuliko kurusha maji machache kwa kasi. Hapa ndipo mota za droni, zinazopatikana kwa bei nafuu, humponza mnunuzi. Mota iliyoandikwa 1,000 hujaribu kuzunguka mara 1,000 kwa dakika kwa kila volti. Ipe volti 12 nayo inataka mizunguko 12,000, wakati propela yako inahitaji mia kadhaa. Ama utafute mota yenye namba ndogo, ama uweke gia, na gia zina kelele, zina grisi, zinalika. Ningekuwa mimi ningelipa zaidi nipate mota inayozunguka taratibu kwa asili yake. Na iwe isiyo na brashi, kwa sababu makaa ya brashi huisha, na katikati ya bahari hakuna wa kuyabadilisha.

Kisha linakuja tundu. Shafti ikitoka ndani kwenda nje lazima ipite mahali, na pale inapopita pana sili inayosuguliwa mamilioni ya mara. Sili ikiisha, maji yanaingia. Wapo wanaoitumbukiza mota yenyewe majini, maana nyaya zake zimepakwa vanishi. Ziwani inaweza kudumu, lakini baharini beringi na sumaku huliwa na kutu upesi. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya sumaku mbili zinazotazamana, moja ndani na moja nje, katikati ukuta mzima usiotobolewa. Ya ndani ikizunguka inaiburuta ya nje. Propela ikinaswa na nyavu, sumaku huteleza tu na mota haiungui. Ni suluhisho zuri kiasi kwamba, nikilieleza, sauti yangu hupanda.

Kwa fundi wa Kisumu au Mwanza anayetaka chombo cha kupima maji ya Ziwa Victoria, adui si chumvi. Ni magugu maji. Mizizi yake hujisokota kwenye propela na kuikaba. Huyo anahitaji propela yenye mapanga yaliyolala kwa nyuma ili majani yateleze, na mota inayoweza kuzunguka kinyume ili kujifungua. Pengine mota mbili, moja kila upande: ukiipunguza ya kushoto, chombo kinageukia kushoto, na usukani hauhitajiki tena. Si jambo dogo. SeaCharger, baada ya Hawaii, ilitumwa New Zealand, na kilichoizuia kufika ni usukani ulioshindwa. Meli ya mizigo ndiyo iliyoiokota.

 

Upande wa elektroniki, kishawishi ni kuweka kompyuta yenye akili nyingi. Raspberry Pi inayokula wati 4 imemeza karibu theluthi ya zile 12 na nusu kabla propela haijazunguka, na umeme ukikatika ghafla kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika. SeaCharger iliongozwa na Arduino, kifaa cha kujifunzia wanafunzi. Kifaa hicho hakina mengi ya kuwaza: kinasoma GPS, kinasoma dira, kinatoa amri. Ndani yake kuna saa ya ulinzi ambayo programu lazima iiguse kila baada ya muda mfupi. Programu ikiganda isiiguse, saa inakizima kifaa na kukiwasha upya. Saa hiyo ndiyo inayoshika nafasi ya nahodha anayemwamsha mwenye zamu aliyesinzia.

Dira inadai heshima ya pekee. GPS inajua ulipo, lakini kwa mwendo wa pole haikuambii kwa uhakika omo imeelekea wapi, hasa mkondo unapokusukuma kwa ubavu. Dira ya kielektroniki inajua, ila inadanganywa na kila waya unaopitisha umeme wa mota. Iweke mbali, juu ya mlingoti mfupi ikiwezekana, na nyaya za mota zisokotwe pamoja ili sumaku zake ziuane. Kazi hiyo haionekani kwenye picha yoyote, na bila hiyo chombo kitachora duara hadi betri iishe.

Sanduku la vifaa lililofungwa vizuri nalo linapumua. Mchana hewa ya ndani hupanuka, usiku husinyaa na kuvuta unyevu kupitia ufa usioonekana. Ndiyo maana mafundi wazuri huzizamisha bodi zao ndani ya epoksi. Ukishamimina hurekebishi tena, kwa hiyo unajaribu, unajaribu tena, halafu ndipo unamimina.

Mwisho kuna ujumbe. Kuna vifaa vya setilaiti ya Iridium vinavyotuma baiti 340 tu kwa mara moja, na kila ujumbe una bei. Mahali kilipo, lazima. Volti za betri, lazima. Mwelekeo wa omo, ili uupime na njia halisi na kuujua mkondo. Baada ya hapo ningeweka alama moja tu, ya kihisio cha shilingi chache kilichobandikwa chini kabisa ndani ya gamba: pakavu, au pana maji.