Mzee Huingia Kwanza

Pikipiki ilitoka Kisangani, ikala kilomita zipatazo 50 za barabara ya Buta, ikanishushia hapa Bengamisa laptopu kuukuu iliyofungwa kwa kitenge. Betri yake ilikufa zamani, na kumbukumbu yake ni megabaiti 256 tu. Mwenyewe ni papa mmoja mstaafu wa kilimo. Alinikabidhi pia bahasha ya disketi.

"Mwanangu, kwenye disketi hizi mna mavuno yangu ya miaka mingi. Nataka yafunguke, halafu yatoke niwapelekee vijana wa ISEA, chuo chetu cha kilimo."

Kufunguka na kutoka: ombi moja, milango miwili. Programu aliyoandikia takwimu zake za mpunga ni ya enzi za DOS, iliyozoea kuzishika nyaya za mashine moja kwa moja. Windows 98 huiachia njia, lakini Windows XP ya 2001 huizuia. Ukileta flashi mambo hugeuka: XP huitambua papo hapo, ilhali 98 haiijui mpaka uitafutie draiva yake. Kwa hiyo nikaamua zote mbili zikae katika diski moja.

Kazi huanza kwa kugawa nyumba, yaani diski. Kwa fdisk nikakata vyumba viwili, vyote vya FAT32, kwa sababu 98 haisomi NTFS, nami sikutaka mmoja afungiwe asione chumba cha mwenzake. Kisha vidole vikajaribiwa. Disketi yangu ya kuamshia inafuata kibodi ya Kiingereza, na vitufe vyetu huku ni vya Kifaransa. Nikiandika "format" kama nilivyozoea, kioo kinaonyesha "for;qt". Basi herufi m naitafuta kwenye alama ya mkato, a naipata kwenye Q, na ile nukta pacha ya "c:" nabonyeza Shift pamoja na M. Mkono unakwenda polepole, jicho likikagua kila herufi, maana amri hii haina msamaha.

Baada ya hapo ndipo inakuja siri ya ufundi wenyewe: mzee huingia kwanza. Windows 98 haijui kwamba kuna kilichozaliwa baada yake. Ukiileta nyuma ya XP, itaandika mwanzo wa diski upya, na XP haitaamka tena. Ukiitanguliza, XP inapofika humkuta mzee ameketi, hunakili zile baiti 512 anazoamkia, huzihifadhi katika faili la BOOTSECT.DOS, kisha huandika jina la mzee kwenye orodha ya kuwashia. Penye wazee hapaharibiki neno, nasi mafundi wa mashine hizi tunaliona hilo kwa macho.

XP iliandika kwenye kioo kwamba zimebaki dakika 39. Kwa mashine ya umri huu, dakika hizo ni za kuahidi tu. Nilikaa nikiitazama taa ya betri ya sola zaidi ya kioo, kwani umeme ukikatika katikati, huenda kazi yote ikarudi mwanzo. Taa ilibaki kijani hadi mwisho.

Jioni nilimwita papa. Mistari miwili ikatokea kwenye kioo cheusi, na sekunde 30 zikaanza kuhesabiwa. Alibonyeza mwenyewe, akachagua 98. Programu yake, niliyoinakili kutoka kwenye disketi zake, ikafunguka, safu za namba zikapanda, naye akaanza kuzisoma kwa sauti: shamba, mbegu, kilo, mvua. Tukazihifadhi kama maandishi ya kawaida, tukazima, tukawasha XP, tukazikuta kwenye chumba kile kile, tukazitia kwenye flashi.

Naipenda kazi hii kwa sababu hailazimishi mtu kuchagua kati ya kukumbuka na kusonga mbele. Papa aliitia flashi mfukoni. Kisha akaikunja laptopu, akaifunga tena kwa kitenge, mafundo mawili, akaibeba kifuani.