"GABA imepungua": imepungua wapi, ukilinganisha na nini?

Ukikuta kichwa cha habari kinachodai skana ya MRS imeona dopamini ya mtu mwenye msongo, pita tu. Dopamini ubongoni ni kidogo mno, MRS haiifikii. Zenye mtego zaidi ni tafiti za GABA, kemikali inayotuliza seli za neva. Huko kipimo ni halali, ila maelezo yake hukizidi.

MRS hutumia mashine ileile ya MRI, bila sindano wala eksirei. Protoni za haidrojeni zikichokozwa na mawimbi ya redio, kila kemikali hujibu kwa masafa yake, nasi tunapata grafu yenye vilele. Safi kabisa. Shida ni kwamba kilele cha GABA kimefunikwa na cha kriatini, kirefu zaidi. Mbinu ya MEGA-PRESS huiondoa kriatini, lakini huzoa pia molekuli kubwa, ambazo zinaweza kuwa karibu nusu ya kinachoitwa GABA. Ndiyo maana watafiti makini huandika "GABA+". Alama hiyo ikidondoka kwenye muhtasari, msomaji ameshapotoshwa.

Halafu ukubwa. Mchemraba unaopimwa mara nyingi una sentimita 3 kila upande: mililita 27, karibu vijiko viwili vya chakula. MRS haitenganishi GABA iliyotulia ndani ya seli na ile inayopeleka ujumbe. Kwa hiyo "GABA ndogo, basi ubongo hautulii" ni kuruka hatua.

Wengine hugawanya GABA kwa kriatini, wakichukulia kwamba kriatini haibadiliki. Hivi kweli? Mwaka 1994 wanasayansi Ujerumani walieleza kuhusu mtoto ambaye MRS ilionyesha ubongo wake umepungukiwa sana kriatini. Ndivyo ulivyojulikana ugonjwa wa kurithi wa GAMT, na kumpa mtoto kriatini ni sehemu ya tiba.

Kisa hicho kinaonyesha nguvu ya MRS pale kilele kizima kinapokaribia kutoweka. Tofauti ndogo ya wastani kati ya makundi mawili ni jambo jingine: haimwambii mgonjwa mmoja mwenye wasiwasi kwamba ubongo wake "umeishiwa" chochote, wala haimwambii anunue vidonge vya GABA. Anayeandika hivyo hajaripoti kipimo, anauza matumaini.