Kitenzi ‘Kuona’ na Mawimbi ya Ubongo: Tatizo la Kupima Hisia za Msomaji wa Kiswahili

Swali la iwapo msomaji huelewa kwanza kisha akahisi, au huhisi kabla hajamaliza kuelewa, ni la zamani katika uhakiki. Lililo jipya ni dai kwamba swali hilo linaweza kujibiwa kwa kipimo. Hans Berger alirekodi mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu mwaka 1924, akayachapisha mwaka 1929; lakini ni baada ya Marta Kutas na Steven Hillyard kueleza wimbi la N400 mwaka 1980 ndipo usomaji wenyewe ulipoingia maabara. Msomaji huvishwa elektrodi kichwani, sentensi huoneshwa neno moja moja, na neno lisilotarajiwa kimaana huacha alama iliyo wazi takribani milisekunde 400 baada ya kutokea. Mwaka 2007 Johanna Kissler na wenzake walionesha, kwa maneno ya Kijerumani, kwamba maneno yenye mguso wa hisia hutofautiana na yasiyo nao mapema zaidi, takribani milisekunde 250. Tangu hapo imekuwa rahisi kudai kwamba hisia hutangulia maana.

Dai hilo haliwezi kuhamishiwa katika Kiswahili bila kuhojiwa, na pa kuanzia kulihoji ni msamiati. Utafiti wa aina hii huhitaji orodha ya maneno yaliyokwisha kupewa alama za hisia. Orodha mashuhuri, ya Bradley na Lang (1999), ina maneno 1,034 ya Kiingereza yaliyokadiriwa na wanafunzi wa Marekani. Mtafiti akiitafsiri, atalipata wapi neno moja linalolingana na ‘uchungu’? Dawa ina uchungu, mjamzito hushikwa na uchungu, mfiwa ana uchungu, na mzalendo huwa na uchungu na nchi yake. Matumizi haya hayana alama moja ya kupendeza au kuchukiza.

Kitenzi ‘kuona’ kinatatiza zaidi. Katika ‘naona ng’ombe’ kuna utambuzi wa macho. Katika ‘naona hoja hiyo haina mashiko’ kuna hukumu ya akili. Katika ‘naona haya’ kuna hisia. Kitenzi ni kilekile, na tofauti haijulikani mpaka kijalizo kifike. Mzungumzaji wa Kiswahili pia huwaza moyoni, wala haoni ajabu. Haifuati kwamba ubongo wake umeumbwa tofauti. Isimu tambuzi imewahi kuteleza katika hitimisho kama hilo. Kinachofuata ni kwamba mpaka kati ya hisia na utambuzi, ambao jaribio huuchukua kuwa tayari upo ndipo lipime kipi kinatangulia, haumo katika maneno ambayo msomaji huyu anapewa kusoma.

Hata hivyo, tatizo kubwa limo katika sarufi. Zitazamwe sentensi mbili: ‘Kizee yule amefika’ na ‘Kizee kile kimefika’. Ya kwanza ina upatanisho wa viumbe hai, na dharau iliyomo ni ile tu iliyobebwa na umbo la nomino. Ya pili inamnyima mtajwa hata upatanisho wa kiumbe hai, na dharau inarudiwa katika kila neno. Hapa hisia imo katika kiambishi, si katika mzizi. Tena kiambishi hicho ni cha awali, hivyo msomaji hukutana na ‘ki-’ kabla ya ‘-fika’. Kwa juujuu, ushahidi huu ungewafurahisha wanaosema hisia hutangulia. Lakini Osterhout na Holcomb (1992) walilihusisha wimbi jingine, P600, na ukiukaji wa muundo wa sentensi. Iwapo wimbi hilo litainuka msomaji anapofikia ‘kimefika’, je, ameshtushwa na kosa la upatanisho au na tusi? Kimo cha wimbi katika mikrovolti hakitenganishi mambo hayo mawili, na huenda kwa msomaji mwenyewe si mawili. Mhakiki akilitafsiri wimbi hilo kuwa ‘hisia’, atakuwa ameingiza usomaji wake mwenyewe kisha akaurudisha kama matokeo ya mashine.

Riwaya nazo zina ugumu wao. Wimbi la neno moja ni dogo mno kuonekana peke yake. Hupatikana kwa kukokotoa wastani wa vichocheo vingi vinavyofanana. Katika Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, msimulizi Kazimoto ni mtu wa kufikiri, na kufikiri huko ndiko kunakomwelemea msomaji hadi riwaya inapoishia kwa kujiua kwake. Kazimoto hafi mara arobaini ili wastani upatikane. Uzito wa kifo hicho umekusanywa polepole, sura baada ya sura, kutokana na hoja zake kuhusu maisha, na si lazima uwemo katika neno lolote la hisia. Katika riwaya hii kuelewa hoja na kuumia ni tendo moja.

Kifaa hiki si cha kutupwa. Hunasa kile ambacho hojaji haiwezi kukinasa, yaani mwitiko kabla msomaji hajajitungia jibu la heshima. Sentensi za ‘kizee’ zinafaa kujaribiwa, mradi zisikilizwe badala ya kukatwakatwa kwenye skrini, na alama za hisia zitolewe na wazungumzaji wenyewe. Wazungumzaji hao nao wasichukuliwe kuwa kundi moja: tofauti ya ‘amefika’ na ‘kimefika’ iliyo kali katika sikio la Unguja huenda isisikike kwa mzungumzaji wa Nairobi au Lubumbashi, ambako upatanisho wa ngeli hulegezwa na udogishaji hubebwa na ‘ka-’, kama katika ‘katoto’.