Utundu na Msamaha katika "Tom Sawyer"

Katika The Adventures of Tom Sawyer, kitabu alichokitoa Mark Twain mwaka 1876, wasomaji hukumbuka kwanza ule ua wa mbao: Tom awaaminisha wenziwe kuwa kuupaka chokaa ni heshima, nao wamlipa ili waupake. Ni ustadi wa maneno, na tuna haki ya kucheka. Lakini mwalimu aishiaye hapo hajagusa neno zito.

Injun Joe ni mwuaji, hilo halina shaka. Amwua daktari makaburini na kumsingizia Muff Potter. Ila hila za Tom huhesabiwa utoto, na ukatili wa Joe huhesabiwa damu. Mzee mmoja wa asili ya Wales anena wazi kuwa Mzungu halipi kisasi cha namna ile. Hata jina, "Injun", lataja kabila kabla ya mtu.

Joe afapo kwa njaa nyuma ya mlango wa pango, Tom, aliyepata kupotea humo, amhurumia, ingawa pia apata faraja. Msimulizi, kinyume chake, awadhihaki wanawake waliojiandaa kumlilia Gavana amsamehe.