Kuli, Mchumaji na Bohari: Kuzisoma Pamoja Riwaya Mbili za Shafi Adam Shafi

Mhakiki anayewajibika kwa wavuja jasho hawezi kutosheka kwa kuuliza kama hadithi inapendeza. Hana budi aulize pia: hadithi hii inatufunza nini juu ya namna watu wanavyozalisha mali, juu ya nani anayeimiliki na nani anayeikosa? Kwa kipimo hicho tunataka kuzichunguza riwaya mbili za Shafi Adam Shafi zilizotolewa na Tanzania Publishing House: Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978 na Kuli ya mwaka 1979. Ya kwanza inatupeleka shambani, katika milki ya kabaila wa Unguja na miongoni mwa watumishi wake kama Kijakazi, mpaka Mapinduzi ya Januari 1964. Ya pili inatupeleka bandarini kwa Rashidi, mtoto wa kuli anayeingia naye katika ukuli, mpaka mgomo mkuu wa mwaka 1948.

Vitabu hivi husomwa mbalimbali. Kimoja huitwa kitabu cha ukabaila, cha pili huitwa kitabu cha ubepari na vyama vya wafanyakazi. Sisi tunasema kwamba mgawanyo huo unamdhulumu msomaji. Riwaya hizi mbili zinaeleza uchumi mmoja. Karafuu inayochumwa katika mashamba ya akina Fuad ndiyo inayoyaelemea mabega ya akina Rashidi. Asiyeiona njia ya gunia lile kutoka mtini hadi melini hataelewa kwa nini kuli ana nguvu, wala kwa nini nguvu hiyo haimtoshi.

Nguvu ya kuli

Sifa kubwa ya Kuli ni kwamba inatuonyesha mtu asiye na kitu anayeweza kusimamisha kila kitu. Uchumi wa Zanzibar ya kikoloni ulipita katika mlango mmoja. Karafuu zilitoka kwa mlango huo, na mchele, nguo na mafuta viliingia kwa mlango huo huo. Meli iliyotia nanga ina gharama kila siku inayopita, iwe inapakuliwa au haipakuliwi. Kwa hiyo wabebaji wanapokunja mikono, hasara ya mwenye meli huanza siku ile ile. Ndiyo maana mgomo ulioanza kwa makuli mwezi wa Agosti 1948 haukubaki bandarini. Mwezi wa Septemba ulikwisha kuenea kwa wafanyakazi wa kazi nyingine mjini, ukawa mgomo wa jumla.

Lakini mlango ule ule ndio uliomlisha kuli. Zanzibar haikujitosheleza kwa mchele. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliadimika, ukawa wa mgawo, na bei za vitu zikapanda huku ujira ukiburura miguu. Kuli wa Ng'ambo aliyelipwa kwa siku hakuwa na akiba. Alipoisimamisha meli alisimamisha faida ya kampuni, na wakati huo huo alisimamisha chungu chake mwenyewe. Hapa ndipo penye ukweli mchungu ambao msomaji wa Kuli hana budi autafakari: tajiri na mfanyakazi wanategemeana, lakini hawategemeani sawasawa. Swali linaloamua mapambano si nani anamhitaji nani. Ni nani anayeweza kusubiri.

Nguvu ya mchumaji

Sasa twende shambani. Karafuu ni tumba la ua. Hapana budi lichumwe kabla halijachanua. Likichanua thamani yake imekwisha. Katika majuma hayo machache kabaila na mkewe na kasri lake wote wako mikononi mwa watu wanaopanda mikarafuu, wanaochambua makonyo, na wanaoanika majamvini huku wakiliogopa wingu la mvua. Wakati huo mchumaji anayelipwa kwa pishi ana nguvu kama kuli siku ya meli.

Msimu ukipita nguvu hiyo hupotea. Mkarafuu hauzai vizuri kila mwaka, na mchumaji hawezi kugoma mbele ya mti usio na tumba. Anarudi kwenye muhogo wake katika ardhi ambayo si yake, kwa ridhaa ya mwenye shamba. Kwa hiyo tunapomwona Kijakazi amemwinamia bwana wake kwa utii unaotuudhi, tusikimbilie kusema kwamba mwandishi amemchora mjinga. Utii ule una msingi katika maisha. Mtu anayekula, kulala na kuzikwa katika ardhi ya mwingine hana pa kusimama anapotaka kusema hapana. Rashidi, kwa ufukara wake wote, hakuishi uani kwa bwana wake. Alisimama gatini pamoja na wenzake, wote wakingoja jina liitwe, na kungoja huko kwa pamoja kuliwafunza jambo.

Bohari

Kati ya mti na meli kuna jengo ambalo wasomaji wa riwaya zote mbili hulipita bila kulitazama: bohari. Tumba bichi haliwezi kusubiri, na meli haiwezi kusubiri, lakini karafuu kavu iliyotiwa guniani hukaa muda mrefu bila kuharibika. Mwenye bohari hununua wakati mkulima ana shida, huuza wakati bei imepanda. Na zaidi ya faida, bohari linamfanyia tajiri kazi ya siasa: linaitenga siku ya nguvu ya mchumaji na siku ya nguvu ya kuli. Mchumaji akikataa, shehena ya msimu uliopita inaendelea kupakiwa. Kuli akikataa, karafuu inalala tu ghalani ikingoja njaa imrudishe kazini.

Hata hivyo wenye mabohari nao hawakuwa huru. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi, wakiungwa mkono na chama cha Congress cha India, waliigomea karafuu ya Zanzibar kwa sababu ya sheria mpya za biashara hiyo, na mauzo ya India yakaanguka hadi maafikiano yalipopatikana mwaka 1938. Uamuzi uliofanywa ng'ambo ya bahari ukamfikia mchumaji ambaye hakuulizwa neno. Huo ndio uchumi tegemezi: wanaobeba mzigo wake ni wengi, wanaoshika usukani wake hawapo kisiwani.

Historia inavyoshuhudia

Mambo haya hayakuwa ya Unguja peke yake. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli wa Mombasa waligoma pamoja na wenzao wa kazi nyingine. Septemba mwaka huo huo mgomo wa makuli wa Dar es Salaam ulisafiri kwa njia ya reli mpaka miji ya bara. Reli iliyojengwa ili ichukue mazao ilichukua pia habari za umoja. Mwaka 1950 makuli wa Dar es Salaam waligoma tena, lakini safari hii walisimama peke yao. Walishindwa, na chama chao kikavunjwa. Bandari ilikuwa ile ile na umuhimu wao katika uchumi ulikuwa ule ule. Kilichopungua ni wenzao.

Upungufu wa riwaya

Wako wanaoilaumu Kuli kwamba inahubiri mno. Lawama hiyo haituumizi kichwa. Mnyonge aliyenyimwa shule hujifunza kwa kuambiwa na mwenzake, na mazungumzo hayo ni sehemu ya maisha yake. Upungufu tunaouona sisi ni mwingine. Mwandishi aliyewajua vyema mtu wa shamba na mtu wa bandari hakuwakutanisha. Kila mmoja amepewa kitabu chake. Msomaji wa Kuli anaweza kukifunga kitabu akiamini kwamba bandari ndiyo uchumi wote, na kwamba kuli ni shujaa asiyemhitaji mchumaji. Imani hiyo ni hatari, maana ndiyo inayozaa majivuno ya kazi: wa bandari kumdharau wa shamba, wa ofisi kumdharau wa jikoni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitahadharisha kwamba hata watu wa mjini wanaweza kuwa wanyonyaji wa watu wa vijijini. Tahadhari hiyo haisikiki katika Kuli.

Faida ya kusoma leo

Leo makontena yamechukua kazi nyingi ya mabega, na utalii umeipita karafuu katika kuiletea Zanzibar fedha za kigeni. Lakini swali la nani anayeweza kusubiri halijazeeka. Chumba cha hoteli kisichopata mgeni usiku wa leo hakiwekwi bohari kikauzwe kesho. Kwa hiyo katika msimu wa wageni anayetandika vitanda ana nguvu ambayo pengine haijui. Masika yakiingia wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga milango, na yeye hurudi nyumbani bila ujira, kama mchumaji baada ya mavuno. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia safari, hasara haikuishia hotelini. Iliwafikia mvuvi, dereva na mkulima wa mboga, kwa sababu wote walikuwa katika mnyororo mmoja bila ya kukaa kikao kimoja.

Kwa hiyo tunawashauri walimu na viongozi wa madarasa ya wafanyakazi wazifundishe riwaya hizi mbili pamoja. Msomaji alifuate gunia tangu mtini, jamvini, bohari, begani mpaka melini, na kila lilipotua aulize: hapa ni nani anayeharakishwa, na ni nani anayengoja kwa raha? Kisha ayageuzie maswali hayo kazi anayoifanya yeye mwenyewe.